Ibn Nafis: Tabibu Aliyeijua Njia ya Damu

Kila mwanadamu hubeba kifuani mwake pande la nyama lenye ukubwa upatao ngumi yake mwenyewe. Pande hilo ni moyo. Mtu mzima anapopumzika, moyo wake husukuma damu ipatayo lita 5 kwa kila dakika, usiku na mchana, wala yeye hauamrishi. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu huipokea damu, na viwili vya chini huisukuma. Lakini damu hutokaje upande wa kuume ikafika upande wa kushoto? Kwa zaidi ya miaka elfu moja mabingwa wa utabibu walilijibu swali hili kwa makosa. Aliyewasahihisha alikuwa Mwislamu, mwalimu wa fikihi ya Shafii, madhehebu yale yale yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Jina lake ni Alauddin Ali, mashuhuri kwa jina la Ibn Nafis. Alizaliwa karibu na mwaka 1213 katika nchi ya Sham, akasoma utabibu mjini Dameski katika Hospitali ya Nuri, iliyoasisiwa na Sultani Nuruddin Zengi katika karne iliyotangulia. Mwalimu wake alikuwa tabibu mkubwa al-Dakhwar. Baadaye alihamia Kairo, akatibu wagonjwa na kufundisha huko mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika zama hizo, neno la Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili, lilikuwa kama sheria. Yeye alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, kisha sehemu yake huingia chumba cha kuume cha moyo na kupenya hadi chumba cha kushoto kwa vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta ulio kati ya vyumba hivyo. Hata Ibn Sina, ambaye kitabu chake Qanun kilitegemewa na matabibu wa Mashariki na Magharibi, aliifuata njia hiyo.

Mwaka 1242, akiwa na umri wa miaka ipatayo 29, Ibn Nafis aliandika sharhe ya sehemu za Qanun zihusuzo viungo vya mwili. Katika dibaji alieleza kwamba sheria ya dini pamoja na huruma vilimzuia asipasue miili. Basi aliyapima maneno ya waliomtangulia, akalinganisha umbo la kila kiungo na kazi yake. Akakata shauri kwamba ukuta ule ni mnene, wala hauna vitundu, viwe vya wazi au vya siri. Kwa hiyo, damu hutoka chumba cha kuume, hupita katika mshipa mkubwa mpaka mapafuni, huchanganyika huko na hewa, kisha hurudi kwa mshipa mwingine katika upande wa kushoto, na kutoka hapo huenea mwilini. Aliongeza kuwa moyo wenyewe hulishwa na mishipa iliyomo katika nyama yake, na kwamba mapafuni lazima pawe na njia ndogo ziunganishazo mishipa hiyo miwili. Mwaka 1661 Malpighi wa Italia aliziona njia hizo kwa hadubini katika mapafu ya chura.

Haki yadai tuseme pia kwamba Ibn Nafis hakueleza mzunguko wa damu katika mwili mzima. Kazi hiyo ilitimizwa na William Harvey wa Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1628.

Utabibu haukumtenga na dini. Alifundisha fikihi katika madrasa ya Masruriyya mjini Kairo, na akaanza kutunga kitabu kikubwa mno cha utabibu, al-Shamil. Inasimuliwa kwamba katika maradhi yake ya mwisho, mwaka 1288, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Mola wake hali mvinyo umo mwilini mwake. Nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa Hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun.

Baada ya hapo ugunduzi wake ulisahauliwa karibu kabisa. Mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, aliuonyesha ulimwengu maelezo hayo kutoka katika mswada uliohifadhiwa Berlin. Miaka 682 ilikuwa imepita tangu yaandikwe.

Msomaji mpendwa, Ibn Nafis hakumtukana Galen wala hakumdharau Ibn Sina. Alikisoma kitabu cha Ibn Sina kwa makini kuliko waliokuwa wakikisifu tu, na kwa ajili hiyo akaliona kosa lake. Kumheshimu mkubwa ni jambo moja, na kumfuata katika kosa ni jambo jingine. Vitundu vile havikuwapo hata siku moja, ijapokuwa maelfu ya wenye elimu walishuhudia kwamba vipo. Mwenye kuitafuta kweli na aitazame imani aliyorithi kwa jicho hilo hilo: kwa adabu, kwa subira, na bila ya woga.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Nafis.