Robert Serumaga, Mchumi Aliyehamia Jukwaani

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, wale mliohudhuria mkutano wetu uliopita kule Bulwa mtakumbuka kwamba baada ya chakula mvua ilitufungia ndani. Ukungu ulishuka mpaka mashamba ya chai yakapotea machoni, na watu wakakaa makundi makundi wakizungumza habari za bweni. Mimi nilishikwa mkono na mghoshi mmoja wa huko huko Bulwa, ambaye vitanda vyetu vilipakana kwa miaka minne. Baba yake alikuwa mchuma chai, yeye akapanda mpaka ukarani, na sasa binti yake wa mwisho amemaliza kidato cha sita. Binti amejaza fomu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na penye nafasi ya kwanza ameandika sanaa za maonyesho. Mzee mwenzangu alitaka nimweleze kama kweli mtu huenda chuo kikuu miaka mitatu kujifunza kuigiza, na akimaliza atakula nini.

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwahidi kwamba nitamwandikia katika gazeti letu, na Mhariri, ambaye sikio lake halina mapumziko, akalisikia na kulishika neno hilo. Basi badala ya kumpa rafiki yangu mawaidha, nimeona nimsimulie maisha ya mtu ambaye vitabu vyake tulivikuta maktaba yetu, mtu wa nchi jirani, ambaye hakuwahi kusomea maigizo chuo kikuu. Kwa sababu hiyo hiyo ananifaa katika shauri hili.

Robert Serumaga alizaliwa Uganda mwaka 1939. Katika ujana wake hapakuwa na chuo Afrika Mashariki ambapo kijana angeweza kwenda kusomea maigizo kama wenzake walivyosomea udaktari au ualimu. Maigizo yalikuwa kitu cha jioni, cha sikukuu ya shule, au cha kushindania kikombe baina ya mabweni. Kijana mwenye akili alitafutiwa masomo ya maana, na Serumaga akaenda Ireland, katika chuo cha Trinity mjini Dublin, kusoma uchumi. Alimaliza na shahada ya pili mwaka 1965. Mzazi gani wa Kampala au wa Bulwa angelalamika?

Lakini Dublin ni mji wa michezo ya kuigiza. Samuel Beckett, aliyeandika ule mchezo wa watu wawili wanaomsubiri mtu asiyekuja, alikuwa amesoma chuo hicho hicho miaka ya 1920, naye alisomea Kifaransa na Kiitaliano. Hata Trinity penyewe idara ya kufundisha maigizo ilikuja kuanzishwa miaka ya 1980. Kwa hiyo Serumaga aliyapata maigizo kwa mlango wa uani, kwa kutazama na kusoma. Baadaye alifanya kazi ya utangazaji London katika BBC, na aliporudi nyumbani katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 alikuwa na mambo mawili kichwani: shahada ya uchumi, na njaa ya jukwaa ambayo shahada ile haikuishibisha.

Kampala ilikuwa tayari na Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959. Serumaga na wenzake wakaanzisha kundi lililoitwa Theatre Limited. Jina hilo lina harufu ya duka, na mimi naamini uchumi wake ulisema hapo: alitaka maigizo yaendeshwe kama kazi yenye daftari la mapato na matumizi, wala si hisani ya Jumamosi. Aliandika mchezo ulioitwa A Play, akaandika The Elephants, unaotokea miongoni mwa watu wa chuo kikuu, ambamo msomi mmoja anamlinda mchoraji mkimbizi kwa uongo uliojaa huruma mpaka huruma yenyewe inakuwa kifungo. Mwaka 1969 alitoa riwaya yake, Return to the Shadows, juu ya nchi ya kubuni iitwayo Adnagu, inayopinduliwa na wanajeshi. Ukilisoma jina hilo kutoka nyuma utaona nchi gani. Idi Amin alichukua serikali Januari 1971, miaka miwili baada ya kitabu kutoka.

Mwaka huo wa 1971 ndipo ulipoonyeshwa Majangwa, mchezo ambao wengi wetu tuliusoma kwa kuficha chini ya dawati. Mpiga ngoma na mkewe, waliowahi kushangiliwa na watu, wameshuka hatua kwa hatua mpaka wanawaonyesha watu mambo ya chumbani kwa senti chache. Usiku mmoja wamekaa kando ya barabara, na katika usiku huo maiti inatupwa pale. Sisi vijana tulikitafuta kitabu kwa ajili ya sehemu ya kwanza. Aliyefika mwisho alikirudisha kimya.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa mzee wa Bulwa aweke miwani yake vizuri. Waigizaji wa Theatre Limited walikuwa watu wa kazi nyingine. Mchana yuko ofisini, jioni ndipo anakuja mazoezini amechoka, na siku ya onyesho bosi anamtuma safari. Walikuwa na vipaji, tena vikubwa. Serumaga akaona kwamba kwa mtindo huo mchezo hauwezi kuvuka kiwango fulani, kwa maana sauti, mwili na pumzi ya mwigizaji ni vyombo vinavyohitaji kunolewa kila siku, kama mpiga zumari anavyonoa pumzi yake. Mtu aliyetoka shamba la chai anaelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Mgeni akiingia shambani anadhani kuchuma ni kunyofoa majani tu, mpaka aone mchumaji wa siku nyingi anavyochagua vijani viwili na chipukizi lake bila kutazama, kikapu kinajaa, naye mgeni bado anahesabu.

Basi Serumaga akaunda kundi jipya, Abafumi, maana yake wasimulia hadithi. Safari hii alichukua vijana waliotoka shule karibuni, ambao hawakuwa na kazi nyingine ya kuwavuta, na mazoezi yakawa ndiyo kazi yao. Walifunzwa ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda, viungo, sauti, kunyamaza, na namna ya kubeba hadithi kwa mwili bila kutegemea maneno. Wataalamu wameona katika mafunzo hayo mbinu za walimu wa maigizo wa Ulaya ya Mashariki zikichanganywa na za wazee wa vijijini. Makerere nao walianzisha idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971, na Serumaga alipata kuwa pale kama mwandishi mwalikwa. Lakini shule yake hasa ilikuwa Abafumi, shule isiyotoa cheti.

Matunda yake yalikuwa Renga Moi, mchezo wa mwaka 1972 uliotokana na hadithi ya Waacholi. Shujaa wa kijiji cha vilima saba amezaliwa watoto mapacha, na mila inamkataza kumwaga damu kabla ya tambiko lao kukamilika. Adui anashambulia. Akikaa, kijiji kitateketea. Akienda, amevunja mwiko wa watoto wake. Anakwenda, anashinda, na anaporudi anakuta mapacha wametolewa kafara. Mchezo huo ulichezwa kwa lugha kadhaa za Uganda, maneno yakiwa machache, na sehemu kubwa ikawa ngoma, vilio na miili. Abafumi waliupeleka Ulaya na Marekani. Mwaka 1975 ulionyeshwa London katika msimu wa maonyesho ya dunia. Wazungu ambao hawakujua hata salamu ya Kiacholi walifuata hadithi mpaka mwisho. Kipaji peke yake hakifanyi hivyo, ndugu zangu. Hayo ni matokeo ya kufundishwa.

Uchache wa maneno ulikuwa na sababu nyingine, na hapa habari inakuwa nzito. Katika Uganda ya Amin neno lililotamkwa jukwaani lingeweza kumuua aliyelitamka. Amayirikiti, mchezo wake wa mwaka 1974, ulionyesha mauaji na hofu karibu bila kusema lolote, na askari aliyekaa kwenye kiti cha watazamaji hakupata sentensi ya kuandika katika ripoti yake. Wengine hawakupona. Byron Kawadwa, mkuu wa Jumba la Taifa la Maonyesho, alikwenda Lagos mwaka 1977 na mchezo wake wa nyimbo katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Aliporudi nyumbani alikamatwa na kuuawa. Anayedhani maigizo ni mchezo wa watoto na awaulize watawala wa namna hiyo kwa nini waliyaogopa.

Serumaga aliikimbia nchi. Vita ya Kagera ilipoanza Oktoba 1978, ambayo baadhi yenu mliivalia sare, yeye alikuwa miongoni mwa raia wa Uganda walio uhamishoni waliokuwa wakipanga kumwondoa Amin. Vikundi vyao vilikutana Moshi mwishoni mwa Machi 1979, mwendo wa siku moja tu kutoka milima yetu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Profesa Yusuf Lule akawa Rais, na Serumaga akateuliwa kuwa Waziri wa Biashara. Ile shahada ya Dublin hatimaye ikapata ofisi. Serikali hiyo ilidumu siku 68. Mimi sioni aibu kusema kwamba namkumbuka kwa Renga Moi, na ya uwaziri nayakumbuka kwa sababu tu nimeyasoma. Alifariki Nairobi Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 41.

Huku kwetu Tanzania njia ilikuwa imechongwa mapema kidogo. Idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1967, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ebrahim Hussein, aliyetuandikia Kinjeketile, alitoka humo, akaenda Berlin kuongeza masomo. Humo pia walitoka Penina Muhando na Amandina Lihamba. Mwanafunzi wa idara ile hufundishwa kuigiza, ndiyo, lakini pia kuongoza mchezo, kuuandika, kupanga taa na maleba, na kuchunguza jando, ngoma na ngano za wazee kama elimu kamili. Na hawakukaa mjini tu. Miaka ya 1980 walimu wake walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kisha Msoga, wilayani Bagamoyo, wakakaa na wanakijiji wakichunguza matatizo yao kwa njia ya maigizo na ngoma. Suala la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni, ambalo katika mkutano wa hadhara lingemalizwa kwa kukohoa, lilichezwa uwanjani mbele ya wazazi wenyewe na kujadiliwa pale pale. Bagamoyo nako kilifunguliwa chuo cha sanaa mwaka 1981, kwa wale wanaotaka kazi ya mikono na miguu zaidi kuliko vitabu.

Mghoshi, umeniuliza binti atakula nini. Siwezi kukudanganya kwamba jukwaa linalipa kama benki, halilipi. Nimewaona waliosomea fani hiyo wakifundisha shule na vyuo, wakiandaa vipindi vya redio, wakizunguka vijijini na kampeni za afya, na nimemwona mmoja akiuza vifaa vya ujenzi. Wahasibu nao nimewaona wakiuza vifaa vya ujenzi. Jambo ninalokuomba ulitazame ni hili la Serumaga: alipewa masomo ambayo kila mzazi angeyasifu, na ikambidi atumie miaka yake bora kujijengea mwenyewe shule aliyoikosa, naye miaka hakupewa mingi. Binti yako shule hiyo ameikuta imejengwa. Kabla ya kulikata lile jina kwenye fomu, mwambie akuigizie kitu, pale sebuleni, kisha umwulize amejifunza wapi na anataka kujifunza nini zaidi. Ukishamsikiliza utaamua wewe na mama yake, mimi simo.

La mwisho ni la maktaba. Katibu ameniomba niwakumbushe kwamba nakala ya Majangwa iliyopigwa muhuri wa shule ilitoka kwa sahihi ya mtu wa kidato cha nne na haijarudi mpaka leo. Sitamtaja, kwa kuwa ana wajukuu. Ailete kwenye mkutano ujao, aiweke mezani pamoja na mingine, nami nitaichukua niipeleke Bulwa kabla ya kuirudisha.