Soichiro Honda, Mwana wa Mhunzi wa Komyo

Msafiri atokaye Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi hupishana na pikipiki nyingi, na zilizo nyingi siku hizi zimetengenezwa India. Lakini akiingia nyuma ya karakana, mahali panapotupwa vyuma vikuukuu, huenda akaliona tangi la petroli lililopauka, lenye alama ya bawa ubavuni. Hizo ni pikipiki za Kijapani za zamani, za wakati ambapo padri, bwana shamba na mganga wa zahanati ndio waliokuwa wakizipanda milimani.

Fundi mmoja tuliyemkuta Gitega anazo tatu, zimefunikwa turubai uani kwake. Anazitengeneza kidogo kidogo, kadiri apatavyo vipuri, naye amekataa kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tulipotaka kujua sababu, alitugeuzia swali: je, sisi tunamfahamu mwenye jina lililoandikwa kwenye tangi? Tuliona haya kidogo. Kama watu wengi, tulilijua jina hilo kuwa ni la kiwanda, wala hatukuwa tumefikiri sana juu ya mtu mwenyewe. Makala haya ni jibu letu kwa fundi huyo, na kwa wasomaji wetu ambao nao wamepanda Honda miaka mingi bila ya kumjua Honda.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Hamamatsu nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi. Baadaye akaongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Mtoto akakua katikati ya mvukuto na nyundo, na masomo ya darasani hayakumvutia. Ilikuwa desturi ripoti ya shule ipelekwe nyumbani, mzazi aigonge muhuri, kisha irudishwe kwa mwalimu. Kijana Soichiro akachonga muhuri wa uongo kwa mpira wa pedali ya baiskeli. Ukapita, kwa kuwa herufi za jina la Honda zina sura moja hata zikigeuzwa kama katika kioo. Wenzake wakamwomba awachongee na wao, naye hakujua kwamba majina yao hayakuwa na bahati hiyo. Hila ikafichuka.

Mwaka 1917 rubani Mmarekani, Art Smith, alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege. Soichiro alichukua pesa kidogo nyumbani, akaipanda baiskeli ya baba yake iliyokuwa kubwa kupita kimo chake, akaenda mwendo wa kilomita 20 hivi. Alipofika, pesa zake hazikutosha kiingilio. Akapanda juu ya mti, akaiona ndege kutoka huko. Alirudi nyumbani akitazamia bakora, lakini mzee Gihei aliposikia kwamba mwanawe ameiona ndege kwa macho yake, hasira ilimtoka, akataka kusimuliwa.

Alipomaliza shule mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika karakana ya magari iliyoitwa Art Shokai, ya bwana Yuzo Sakakibara. Miezi ya kwanza hakupewa spana. Alipewa mtoto mchanga wa tajiri wake ambebe mgongoni. Wanagenzi wa kwetu wanalijua jambo hili. Wengi wameanza kwa kufagia na kuchota maji, na wengine wameacha kabla ya kufikia siku ya kushika bisibisi.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliiangusha Tokyo, na moto ukaumaliza mji. Karakana iliteketea, na mafundi wengi wakarudi makwao. Tajiri na wanagenzi wachache waliobaki walichukua magari yaliyoungua, wakayafufua moja moja. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya Honda kuwa fundi. Magurudumu ya magari ya wakati ule yalikuwa na spoku za mbao, na mbao zilikuwa zimekwisha kwa moto. Miaka michache baadaye alibuni spoku za chuma cha kusubu, akapata hataza kwa uvumbuzi huo. Tunapenda msomaji alikumbuke jambo hili: mtu huyu kabla hajaunda kitu chochote kipya alikuwa mfufuaji wa vitu vilivyokufa.

Mwaka 1928 bwana Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la karakana hiyo Hamamatsu. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alifanikiwa, akapata pesa, akaunda magari ya mashindano, na mwezi wa Juni 1936 aliumia vibaya pamoja na ndugu yake katika ajali ya mashindano ya magari karibu na Tokyo. Watu wa karakana yake walimwogopa. Alikuwa mkali wa kupindukia, na aliweza kumpiga kwa spana fundi aliyefanya kazi ovyo. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo, wala ya kulisifu.

Sasa tunafika mahali ambapo fundi wetu wa Gitega angeweka vifaa chini asikilize. Kila afufuaye pikipiki kongwe huanza na ringi za pistoni. Ringi zikiisha, injini hunywa oili, moshi wa buluu hutoka nyuma, na nguvu hupotea. Basi fundi hupima silinda, huichonga, kisha hutia pistoni ya saizi inayofuata pamoja na ringi zake. Saizi hizo hupanda kwa robo ya milimita. Ni duara jembamba la chuma ambalo mtu huliona la kudharauliwa. Honda naye alilidharau. Aliacha kazi ya kutengeneza magari ya watu ili aunde ringi, akidhani ni kazi nyepesi, lakini kila alichosubu kilikuwa ama kigumu mno ama chenye kuvunjika. Akiba yake ikaanza kwisha. Hatimaye alikwenda kwa mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu, naye akampimia chuma chake, akaona kina upungufu wa silikoni. Honda hakuwa amepata kujua kwamba kuna haja ya silikoni.

Mtu mwenye mke na wafanyakazi, aliyezidi miaka 30, akajiandikisha kusoma pamoja na vijana wadogo. Alihudhuria masomo yaliyohusu shida yake tu, akakataa kufanya mitihani, na chuo kikamwondoa bila ya cheti. Hakujali. Ringi alizozipeleka kwa kampuni ya Toyota zilikuwa 50. Zilizopita ukaguzi zilikuwa 3. Aliendelea mpaka akaijua kazi, na wakati wa vita kiwanda chake, Tokai Seiki, ambacho Toyota ilikuwa na hisa asilimia 40 ndani yake, kilikuwa kikubwa. Kisha mabomu ya Marekani yakakiharibu, na tetemeko la Januari 1945 likaangusha kilichosalia. Vita vilipokwisha aliiuzia Toyota hisa zake kwa yeni 450,000, akakaa mwaka mzima bila ya kazi.

Wakazi wa Gitega na Muyinga, walioonja uhaba wa petroli miaka hii ya karibuni, wataielewa Japani ya mwaka 1946 pasipo maelezo marefu. Mafuta yaligawiwa kwa kibali. Magari ya moshi yalijaa pomoni. Watu walikwenda mbali kwa baiskeli kutafuta mchele vijijini. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Honda alifungua kibanda cha kazi Hamamatsu, na siku moja akaona injini ndogo iliyokuwa imeundwa kuzalishia umeme redio za jeshi. Vita vimekwisha, redio hazina kazi. Akaifunga injini hiyo kwenye baiskeli, na kwa kuwa hakuwa na tangi, akatumia chombo cha kutilia maji ya moto ya kupashia kitanda joto. Petroli aliichanganya na mafuta yaliyokamuliwa katika mizizi ya misonobari, hata pikipiki ikawa inanuka utomvu. Mkewe, Bibi Sachi, alipewa aiendeshe mjini watu waone. Alirudi suruali imechafuka kwa mafuta yaliyotemwa na kabureta, akamlalamikia mumewe, na mumewe akaitengeneza upya kabureta. Injini hizo za jeshi zilikuwa kama 500. Zilipokwisha, ilimbidi aunde yake mwenyewe.

Kampuni ya Honda iliandikishwa tarehe 24 Septemba 1948, ikiwa na watu 34. Mwaka uliofuata ilitoa pikipiki kamili ya kwanza, Dream, na mwaka huo huo akaja Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na biashara. Walikubaliana kwamba mmoja atashughulika na mashine na mwingine na pesa. Pasipo Fujisawa tunaamini kwamba Honda angebaki fundi hodari wa mji mdogo, mwenye madeni.

Mwaka 1954 madeni yalikuwapo kweli, na kampuni ilikaribia kufilisika. Katika hali hiyo Honda alitangaza kwamba pikipiki zake zitashindana katika mbio za Isle of Man, kisiwa kilicho katika bahari baina ya Uingereza na Ayalandi. Mwezi wa Juni alikwenda kuzitazama mbio hizo, akaona mashine za Wajerumani na Waitalia zina nguvu nyingi sana kuliko zake. Alirudi kwao na mabegi yamejaa kabureta, minyororo na matairi, hata uwanja wa ndege wa Rome ukamsumbua kwa uzito wa mizigo. Timu yake ilishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1961 pikipiki za Honda zilishika nafasi tano za mwanzo katika mbio za sisi 125, na tano za mwanzo katika mbio za sisi 250.

Baina ya safari hizo, mwezi wa Agosti 1958, ilitoka Super Cub. Ilikuwa na injini ya sisi 50, magurudumu makubwa kiasi kwa ajili ya njia mbovu, kinga ya plastiki ya kuzuia tope miguuni, na gia zisizohitaji klachi ya mkono, ili mtumishi wa mkahawa aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba chakula. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Burundi kujitawala kutoka kwa Ubelgiji, kiwanda cha Honda kilianza kazi huko huko Ubelgiji, katika mji wa Aalst. Mwaka 2017 idadi ya pikipiki za jamii ya Super Cub zilizoundwa duniani ilifika milioni 100.

Yafaa pia tuseme alipokosea. Honda alishikilia kwamba injini ya gari ipozwe kwa hewa kama ya pikipiki. Mwaka 1968 gari lake la mashindano la namna hiyo lililetwa Ufaransa, katika mji wa Rouen, ingawa dereva wa timu, John Surtees, alikuwa amelikataa baada ya kulijaribu. Akapewa Mfaransa Jo Schlesser. Gari liliacha njia, likawaka moto, na Schlesser akafa. Hata baada ya hapo Honda hakukubali upesi. Wahandisi vijana walimwendea Fujisawa, naye akamtaka Honda achague kama anataka kuwa mhandisi au mkuu wa kampuni. Alichagua kuwa mkuu, akaruhusu maji. Kutokana na uamuzi huo kampuni iliunda injini ya CVCC, iliyotangazwa mwaka 1972, ambayo ilitimiza sheria kali ya Marekani ya kupunguza moshi mchafu.

Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Hakumrithisha mwanawe cheo. Alichofanya ni kuzunguka Japani nzima, katika viwanda na maduka kama 700, kuwashika mikono wafanyakazi. Baadhi yao walirudisha mikono nyuma kwa sababu ya mafuta na uchafu, naye akaivuta. Mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa umejaa makovu ya nyundo, patasi na mashine.

Alifariki Tokyo tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa amekataza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa kuwa mtengenezaji wa magari hapaswi kuziba njia za watu kwa msongamano.

Mashine zake za kale zimehifadhiwa Motegi, katika jumba lililofunguliwa mwaka 1998, nazo hutengenezwa hata ziwake. Gitega nayo ina Jumba la Makumbusho la Taifa tangu mwaka 1955, lakini hatukuona humo pikipiki, wala hatukutazamia. Kwa sasa kazi hiyo imo mikononi mwa watu binafsi wenye turubai. Wanajua kwamba skrubu za Kijapani za nyota si sawa na za Kizungu, na bisibisi isiyo yake huziharibu vichwa. Wanajua kulinganisha namba ya injini na namba ya fremu, na kutokimbilia kupaka rangi mpya pale rangi ya zamani ingalipo.

Tulimkuta mwingine Muyinga, mwenye Honda ya sisi 125 ambayo silinda yake imekwisha kuchongwa. Sehemu zote alikuwa nazo juu ya gunia, zimeoshwa na kupangwa. Alikuwa akingoja ringi za pistoni kutoka ng'ambo ya Kobero, na siku tulipoondoka zilikuwa bado hazijafika.