MARBOT, ASKARI WA NAPOLEON

Wengi wetu hupenda hadithi za vita vya zamani, hasa zile za askari wa siku za Napoleon. Labda umekwisha kusoma habari za Brigedia Gerard, yule Mfaransa shujaa, mpenda kujisifu, aliyetungwa na Arthur Conan Doyle. Gerard hakuishi duniani. Lakini nyuma yake yuko mtu wa kweli, na maisha yake ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Marcellin de Marbot alizaliwa tarehe 18 Agosti 1782 katika Altillac, Ufaransa. Baba yake alikuwa jenerali. Mwaka 1799, akiwa na miaka 17, kijana aliingia kikosi cha wapanda farasi kama askari wa kawaida. Mwaka uliofuata alikuwa pamoja na baba yake katika mji wa Genoa, uliozungukwa na adui. Njaa na maradhi viliua watu wengi mno, na baba yake akafa humo. Tangu hapo Marbot alijitafutia njia mwenyewe.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupeleka amri za majemadari katikati ya vita. Mpeleka amri hana ukuta wa kujificha wala wenzake wa kumkinga. Ana farasi wake tu. Tarehe 8 Februari 1807, katika vita vya Eylau, theluji ikianguka, kikosi cha 14 kilizungukwa na Warusi juu ya kilima. Maofisa waliotumwa kwanza hawakurudi. Zamu ya Marbot ilipofika, alipanda farasi wake jike, Lisette, akaenda.

Alikifikia kikosi, lakini mkubwa wake aliona hakuna tena njia ya kuokoka. Akampa Marbot tai, ile alama ya heshima ya kikosi, amrudishie Napoleon. Hapo risasi ya mzinga ikapiga kofia yake. Damu ikamtoka puani na masikioni, wala hakuweza kusogeza kiungo. Lisette, aliyekuwa mkali kama chui, aliwauma Warusi akamtoa katika msukosuko, kisha wote wawili wakaanguka. Mnyang'anyi alimvua Marbot nguo akidhani amekufa. Mtumishi mmoja alizitambua nguo hizo mikononi mwa mnyang'anyi, akamfuata alipolala, akamwokoa.

Mwaka 1809 Napoleon alitaka mtu wa kuvuka mto Danube usiku, maji yakiwa yamefurika, amletee mateka kutoka upande wa adui. Marbot alikubali, akavuka, akarudi na askari watatu wa Austria. Baadaye alipigana Hispania, akaenda Urusi mwaka 1812, na mwaka 1815 alikuwa kanali huko Waterloo. Napoleon aliposhindwa, Marbot alifukuzwa nchini kwa muda.

Ndipo aliposhika kalamu. Jenerali mmoja, Rogniat, alikuwa ameandika kitabu juu ya vita. Marbot alikijibu kwa kitabu chake mwenyewe, akiwatetea askari wenzake. Napoleon, aliyekuwa kifungoni katika kisiwa cha St Helena, alipendezwa. Alipokufa mwaka 1821, katika wasia wake alimwachia Marbot faranga 100,000, aendelee kuandika.

Marbot akaandika habari za maisha yake kwa ajili ya mkewe na wanawe. Alikufa Paris tarehe 16 Novemba 1854, na habari hizo hazikupigwa chapa mpaka mwaka 1891. Conan Doyle alizisoma akavutwa sana, na mwaka 1894 hadithi ya kwanza ya Gerard ikatokea.

Je, yote aliyoyasimulia Marbot ni kweli? Wataalamu wa historia wameyalinganisha na maandishi mengine, wakaona mahali pengine ametia chumvi. Si ajabu, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini majeraha yake hayakuwa ya kutungwa, wala kifo cha baba yake, wala safari ya Urusi.

Basi tusomapo vitabu vya namna hii, tufurahi, lakini tuulize pia: nani anasimulia, na wengine walionaje? Ushujaa wa Marbot hauhitaji chumvi. Aliwaona wenzake wakienda wasirudi, na zamu yake ilipofika hakutafuta udhuru.