Alexandre Yersin na bakteria wa tauni

Tauni ilipoua makumi ya maelfu ya watu mjini Guangzhou, kusini mwa China, mwaka 1894, Alexandre Yersin, daktari mzaliwa wa Uswisi, alikuwa na umri wa miaka 30. Juni mwaka huo, katika kibanda cha nyasi huko Hong Kong, aliwagundua bakteria wa maradhi hayo.

Tarehe 26 Juni 1896, safari hii Guangzhou kwenyewe, alimdunga mwanafunzi wa seminari serumu ambayo ilikuwa haijamponya binadamu yeyote. Kijana akapona. Angekufa, pengine Yersin asingekumbukwa hivi.

Bakteria hao, wanaoitwa kwa jina lake, wamepoteza uwezo wa kutumia sukari iitwayo ramnosi, ambayo ndugu zao wasio hatari sana huitumia. Aina iliyosambazwa na meli kutoka China haiwezi hata kutumia gliseroli, jamaa ya sukari: jeni yake moja imepungukiwa na herufi 93. Aina kongwe ya Kongo na Kenya huitumia.

Kwa tofauti hiyo René Devignat, aliyefanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, alizigawa aina za tauni mwaka 1951. Yersin alikuwa amefariki tangu Machi 1943 huko Nha Trang, Vietnam, alikopanda mipira na miti ya kwinini.