Oliver Heaviside

Oliver Heaviside (18 Mei 1850 – 3 Februari 1925) alikuwa mtaalamu wa umeme na hisabati kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kueleza jinsi ishara inavyosafiri ndani ya waya mrefu, na kwa kubuni kebo ya koaksia, ambayo baadaye ilitumika katika televisheni na katika mitandao ya kwanza ya kompyuta. Hakusoma chuo kikuu, na tangu alipofikisha umri wa miaka 24 hakuajiriwa tena na mtu yeyote.

Utoto na kazi

Alizaliwa Camden Town, London, katika familia yenye kipato kidogo. Baba yake alichonga picha kwenye mbao kwa ajili ya wachapaji, kazi iliyokuwa ikififia wakati huo. Akiwa mtoto aliugua homa ya skaleti iliyomharibu masikio, na usikivu hafifu ulimtenga na watoto wenzake. Aliacha shule akiwa na miaka 16.

Bahati yake ilikuwa upande wa mama. Dada ya mama yake aliolewa na Charles Wheatstone, mmoja wa wavumbuzi wa telegrafu nchini Uingereza, na kwa njia hiyo vijana wa Heaviside waliingia katika kazi za umeme. Mwaka 1868 Oliver alikwenda Denmark kuwa mtuma ujumbe wa telegrafu, kisha akahamia Newcastle upon Tyne, ambako alihudumia kebo iliyopita chini ya bahari kati ya nchi hizo mbili. Mwaka 1874 aliacha kazi na kurudi kwa wazazi wake. Tayari alikuwa ameanza kusoma kitabu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na usumaku, kilichotoka mwaka 1873. Hakukielewa mara ya kwanza. Ilimbidi ajifunze hisabati peke yake kwa miaka kadhaa, chumbani, ndipo akaweza kukimaliza.

Maxwell alikuwa ameeleza nadharia yake kwa milinganyo 20. Heaviside, kwa kutumia hisabati ya vekta aliyoiendeleza mwenyewe, aliifupisha ikawa minne. Milinganyo minne ambayo wanafunzi wa fizikia hufundishwa leo kwa jina la Maxwell iko katika umbo alilolitoa Heaviside.

Ishara ndani ya kebo

Kebo za telegrafu za wakati huo zilikuwa na waya wa shaba uliofunikwa kwa gutapecha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kebo ya namna hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1879. Tatizo lake lilikuwa moja: ujumbe ulioingia ukiwa safi ulitoka upande wa pili ukiwa umetawanyika, nukta na mistari vikaingiliana. Waya na maji ya bahari yanayouzunguka hushika chaji, na chaji hiyo lazima ijae kwanza na kisha itoke kabla ishara nyingine haijapita. William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alikuwa amelieleza jambo hilo katika miaka ya 1850 kwa kuhesabu ukinzani wa waya na uwezo wake wa kushika chaji.

Heaviside aliongeza mambo mawili yaliyokuwa yamepuuzwa: umeme unaovuja kupitia kihami, na induktansi, yaani tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo. Neno hilo, pamoja na impidansi, ni yeye aliyeyatunga katika miaka ya 1880. Hesabu zake zilitoa jibu la kushangaza. Ikiwa ukinzani gawanya kwa induktansi ni sawa na uvujaji gawanya kwa uwezo wa kushika chaji, ishara itapungua nguvu njiani lakini umbo lake halitaharibika. Katika kebo halisi induktansi ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuiongeza, kwa mfano kwa kufunga koili kila baada ya umbali fulani.

Mgogoro na Posta

Simu nchini humo zilitegemea sana maamuzi ya Posta ya Uingereza, na mkuu wake wa mambo ya umeme, William Preece, aliamini kinyume kabisa. Kwake induktansi ilikuwa adui wa mawasiliano. Mwaka 1887 Oliver aliandika makala pamoja na kaka yake Arthur, mhandisi wa Posta. Kwa kuwa Arthur alikuwa mtumishi, ilihitajika ruhusa ya Preece, naye akakataa. Mwaka huohuo jarida la The Electrician, lililokuwa limechapisha kazi za Oliver kwa miaka mitano, lilibadilisha mhariri na mfululizo wake ukasimamishwa.

Ni haki kusema kwamba Heaviside alikuwa mgumu kusomeka, na kalamu yake ilikuwa na kejeli isiyomsaidia kupata marafiki. Lakini katika hoja yenyewe Preece alikosea. Mambo yalianza kubadilika Heinrich Hertz alipothibitisha mawimbi ya sumakuumeme mwaka 1888, na Thomson alipoisifu hadharani kazi ya Heaviside mwaka 1889. Mwaka 1891 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Faida ya fedha ilikwenda Marekani. Heaviside hakuchukua hataza ya koili. Mwaka 1899 George Campbell, mhandisi wa kampuni ya simu ya AT&T, na Mihajlo Pupin, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, walitengeneza koili hizo kila mmoja kwa njia yake. Hataza akapewa Pupin, naye akatajirika. Koili zikawezesha simu kufika mbali bila kutumia shaba nene ya gharama kubwa. (Miaka mia moja baadaye mafundi walilazimika kuziondoa kwenye nyaya nyingi za simu: zilipitisha sauti vizuri lakini zilizuia masafa ya juu yanayohitajika na intaneti ya DSL.)

Kebo ya koaksia na mitandao ya kompyuta

Hataza aliyoichukua ni ya mwaka 1880. Aliona kwamba nyaya zinazopita sambamba huingiliana, hivyo akapendekeza waya mmoja uwe ndani ya mwingine: waya katikati, kihami kuuzunguka, na bomba la metali nje. Kebo hiyo haikupata matumizi makubwa wakati wa uhai wake. Katika miaka ya 1980 ofisi nyingi ziliunganisha kompyuta kwa Etherneti ya koaksia. Kipande cha kebo nene kilifika hadi mita 500 na cha kebo nyembamba mita 185. Kila mwisho ulifungwa kizuio cha omu 50, sawa na impidansi ya kebo yenyewe. Kikikosekana, ishara hurudi nyuma kama mwangwi na mtandao wote husimama.

Kebo za leo za jozi zilizosokotwa, ambazo asili yake ni hataza ya Alexander Graham Bell ya mwaka 1881, zina impidansi ya omu 100. Fundi akifungua msokoto kupita kiasi anapofunga plagi ya RJ45, impidansi hubadilika mahali hapo na sehemu ya ishara hurudi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1889 Heaviside alihamia Paignton, Devon, pamoja na wazazi wake. Alikuwa maskini. Mwaka 1894 alikataa msaada wa fedha kutoka Royal Society kwa kuona ni sadaka, lakini mwaka 1896 marafiki zake walimshawishi akubali pensheni ya serikali ya pauni 120 kwa mwaka.

Mwaka 1902 alipendekeza kwamba kuna tabaka la hewa juu angani linalopitisha umeme na kurudisha mawimbi ya redio duniani. Arthur Kennelly wa Marekani alifikiri hivyohivyo mwaka huohuo. Mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa Medali ya Faraday. Kufikia hapo aliishi peke yake Torquay, mgonjwa na mwenye kushuku watu. Mwishoni mwa mwaka 1924 Edward Appleton alithibitisha kwa majaribio kwamba tabaka hilo lipo. Heaviside alifariki Torquay tarehe 3 Februari 1925, akazikwa Paignton pamoja na wazazi wake.