Martin Johnson na ndeke ya kushuka juu ya mayi

Bandugu, leo tunamkumbuka Martin Johnson, Mmarekani aliyezaliwa 1884. Yeye na bibi yake Osa walipiga filme Kenya, wakafika mpaka kwetu Kongo, katika pori la Ituri.

Mwaka 1932 wote mbili walijifunza kuendesha ndeke. Kule walikotaka kwenda, viwanja vilikuwa vichache, lakini maziwa ni mengi, kama Turkana. Kwa hiyo walichagua Sikorsky mbili, zenye kushuka juu ya udongo na juu ya mayi pia. S-38, yenye moteri mbili, waliipaka mistari ya punda milia. S-39, yenye moteri moja, madoa ya twiga. Waliruka Afrika 1933 na 1934, wakarudi wazima.

Januari 1937, California, walipanda ndeke ya kampuni kama abiria. Ikagonga mlima. Osa akaumia, akapona. Martin akafa.

Abiria hachagui ndeke. Ndiyo maana siye wa sendika tunasema: lifti inayotushusha chini ya ardhi, tuulizwe kwanza. Bibi na watoto wanatungoja nyumbani.