Irving Langmuir: Mwanasayansi wa Plazima na Tando Nyembamba

Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule, na methali hii haiwasazi hata wasomi wakubwa. Irving Langmuir, Mmarekani aliyeipa plazima jina lake na kuupima utando wenye unene wa molekuli moja tu, ni mfano wa jambo hilo.

Langmuir alizaliwa tarehe 31 Januari 1881 mtaani Brooklyn, jijini New York. Alihitimu uhandisi wa metali katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka wa 1903, kisha akaelekea Göttingen, Ujerumani, alikotunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1906 chini ya usimamizi wa Walther Nernst. Baada ya kufundisha kemia kwa miaka mitatu huko New Jersey, alijiunga na maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady mwaka wa 1909. Alidumu humo hadi alipostaafu mwaka wa 1950.

Enzi hizo, balbu ya umeme ilikuwa na uzi wa tangisteni ndani ya ombwe, na kioo chake kiliingia weusi upesi. Wengi waliamini kuwa tiba ilikuwa kuondoa hewa zaidi. Langmuir alikwenda kinyume: aliingiza gesi mbalimbali kwa makusudi ili aone athari ya kila moja. Alibaini kuwa weusi huo ulitokana na tangisteni iliyovukizwa na joto na kuganda kiooni. Gesi ya naitrojeni, na baadaye agoni, ilipunguza uvukizaji huo, naye akausokota uzi kama springi ili usipoteze joto. Balbu yenye gesi ikazaliwa.

Utafiti wa gesi na umeme ulimfikisha mbali zaidi. Gesi inapopitishiwa umeme, baadhi ya atomi zake hupokonywa elektroni na kubaki ioni. Chaji chanya na chaji hasi hukaribia kulingana, na mchanganyiko mzima hutenda kama kitu kimoja. Mwaka wa 1928 Langmuir aliuita plazima. Neno hilo lenye asili ya Kigiriki lilikuwa tayari likitumiwa na matabibu kutaja majimaji ya damu yanayobeba chembe zake; gesi hii nayo hubeba elektroni na ioni. Istilahi kongwe ikapata makao mapya. Aidha, yeye na Harold Mott-Smith walibuni namna ya kuipima plazima kwa kijiwaya kinachotumbukizwa ndani yake. Njia hiyo ingali inatumika, hata katika mitambo inayotandaza tando nyembamba juu ya vifaa vya elektroniki.

Kuhusu tando, Langmuir alitanguliwa na Agnes Pockels, Mjerumani asiye na elimu ya chuo kikuu, ambaye majaribio aliyoyafanya nyumbani kwake yalichapishwa mwaka wa 1891. Langmuir aliboresha chombo chake, na mwaka wa 1917 akaonyesha kuwa molekuli za mafuta ya aina fulani hujipanga juu ya maji kwa safu moja, ncha ipendayo maji ikielekea chini. Kwa kupima eneo la utando na kiasi cha mafuta, alikadiria ukubwa wa molekuli asizoweza kuziona. Mwenzake Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata uzamifu wa fizikia Cambridge, mwaka wa 1926, alizihamishia tando hizo kwenye kioo, safu juu ya safu. Mwaka wa 1938 alifanikiwa kupata kioo kisichoakisi nuru. Langmuir alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1932.

Uzeeni aligeukia mawingu. Mwaka wa 1946 msaidizi wake, Vincent Schaefer, alimwaga barafu kavu kutoka kwenye ndege juu ya Massachusetts, na theluji ikaanza kuanguka. Oktoba 1947 watafiti wa mradi huo walifanya vivyo hivyo katika kimbunga cha Atlantiki. Kimbunga kiligeuka na kuipiga Savannah, Georgia. Langmuir alishikilia kuwa wao ndio waliokigeuza. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kilikuwa kimeanza kugeuka kabla.

Ajabu ni kwamba Desemba 1953 alitoa mhadhara kuhusu watafiti waaminifu wanaojidanganya kwa kuona kile wanachotamani kuona. Alitaja mifano kadhaa ya wengine. Mawingu yake hayakuwamo. Alifariki tarehe 16 Agosti 1957 huko Woods Hole, Massachusetts.

Kosa hilo haliyafuti mafanikio yake, ila linaonyesha yalikotoka. Maabarani, Langmuir aliweza kurudia kila jaribio na kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Angani hapakuwa na kimbunga cha pili, kisichomwagiwa barafu, cha kulinganisha na cha kwanza.